Dokta Mtarajiwa: Ripoti 3 Alizodanganya na Moja Iliyomuokoa

Mtaani wanamuita Dokta. Muuza genge anamuita Dokta, bodaboda wa kona anamuita Dokta, na mama mkwe wake akipiga simu kutoka Tanga anaanza na "Dokta wangu, hujambo?" Kwenye Instagram aliandika "Dr. Mtarajiwa" wiki ile ile aliyopata barua ya kudahiliwa, Novemba 2020. Chini yake picha: amesimama mbele ya jengo la utawala, gauni la njano, bahasha mkononi. Laiki zilifurika. Komenti za "hongera mamy" zilikuja hadi akachoka kujibu.

Shida ni moja tu. Hakuwa Dokta. Na kufikia Aprili 2024 hakuna mtu, hata mume wake, aliyejua ni kwa kiasi gani alikuwa mbali na huo Udokta.

Fomu ya kurasa 3

Kwa wasioijua hii ngoma: PhD siyo darasa la kuingia na kutoka. Uko wewe, msimamizi wako, na kitabu kimoja ambacho hakijaandikwa. Hakuna kengele, na hakuna mwalimu wa kukufukuza na fimbo. Ndiyo maana vyuo vinaweka vituo njiani, watu wasipotee.

Chuoni kwake vituo viko hivi. Unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea idarani, kisha linapanda ngazi hadi lipitishwe. Unapata kibali, unaingia uwandani kukusanya data, unarudi, unachambua, unaandika sura. Mwishoni kazi inapitishwa kwenye Turnitin kuangalia kama hujanakili za watu, inakwenda kwa mtahini wa ndani na wa nje, halafu unaitwa kuitetea kwa mdomo. Hapo unaweza kupita moja kwa moja, kupita na masahihisho, kurudishwa ukaandike upya, au kufeli kabisa. Na katikati ya hayo yote, kila baada ya miezi 6, upende usipende, unajaza ripoti ya maendeleo.

Ripoti yenyewe ni fomu ya kurasa 3. Umefanya nini miezi 6 iliyopita? Kazi imekamilika kwa asilimia ngapi? Umekutana na msimamizi mara ngapi? Changamoto? Mpango wa miezi 6 ijayo? Mwanafunzi anajaza upande wake, msimamizi upande wake, wanasaini, inakwenda ofisi ya shahada za juu.

Kwake yeye nakala moja ilikuwa inakwenda pia kwa mwajiri. Ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja mkoani. Alipewa ruhusa ya masomo yenye mshahara, ada inalipwa na mwajiri, na sharti ni kwamba kila ripoti ioneshe anasonga mbele. Bila PhD hapandi cheo. Bila ripoti nzuri ada hailipwi. Kwa hiyo hizo kurasa 3 zilikuwa zimebeba mshahara, kodi ya nyumba ya Tabata na ada ya chekechea ya mtoto.

Ripoti ya 1, Mei 2021, ilikuwa kweli tupu: anaandika pendekezo. Ya 2, Novemba 2021, kweli pia: pendekezo limepita, tena kwa kusifiwa. Ya 3, Mei 2022, ilikuwa nzuri kuliko zote. Alikuwa uwandani, soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, anawahoji akina mama wanaonunua samaki mnadani alfajiri, wanawakaanga, wanawauza mitaani kwa beseni. Swali lake lilikuwa jinsi vikoba vinavyowainua hao akina mama kiuchumi. Kila siku anaamka saa kumi usiku, anarudi mchana ananuka vibua hadi kwenye nywele, na ana furaha ya ajabu. Kwenye stetasi za WhatsApp alikuwa anaweka picha za bahari na maneno "uwandani".

Data zikakataa

Sasa tatizo lilianzia hapo hapo Feri. Pendekezo lake lilisema vikoba vinamuinua mwanamke. Lilipita kwa sababu lilisema hivyo vizuri sana. Lakini akina mama walikuwa wanamwambia kitu kingine. Mmoja anachukua mkopo wa kikoba kununua samaki. Mauzo yanagoma, rejesho linafika, anakwenda kikoba cha pili kulipa cha kwanza. Cha pili kikimbana anaingia kwenye ile mikopo ya kausha damu, ya rejesho la kila wiki, ambayo ukikosa wanakuja kubeba godoro na televisheni huku majirani wanaangalia.

Siyo wote. Wapo waliojenga kwa kikoba, wapo wanaosomesha. Lakini waliokuwa wanakopa huku ili walipe kule walikuwa wengi mno kiasi kwamba asingeweza kuwaweka kwenye aya moja ya "changamoto chache".

Alirudi nyumbani Agosti 2022 na mahojiano 41 kwenye simu na kwenye diski ya nje. Akakaa kuyaandika. Akaandika ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila akisikiliza anaona pendekezo lake linabomoka. Akaamini kitu ambacho wanafunzi wengi wa PhD hukiamini usiku wa manane: kwamba amekosea tangu mwanzo, data zake ni mbovu, na siku msimamizi akijua atamwambia aanze upya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba data kupingana na ulichotegemea siyo ajali. Mara nyingi utafiti ndiyo unaanzia hapo.

Alifika la tisa akaacha. Mwezi ukapita. Diski ikaingia kwenye droo ya chumbani, chini ya mitandio.

Novemba 2022, ripoti ya 4. Alikaa na fomu siku mbili. Kwenye sehemu ya kazi iliyofanyika akaandika: "Uchambuzi wa data unaendelea vizuri." Asilimia: 40. Changamoto: hakuna.

Huo ndio uongo wa kwanza. Ulikuwa mdogo, na aliamini wiki ijayo ataufanya uwe kweli.

Mei 2023, ripoti ya 5: sura ya nne, asilimia 60. Novemba 2023, ripoti ya 6: sura ya nne, asilimia 85. Sura ya nne yenyewe ilikuwa na kichwa cha habari na sentensi 3.

Na msimamizi? Profesa wake siyo mtu mbaya. Ana wanafunzi wengi, ana madarasa, ana vikao, ana safari. Ripoti ya 6 aliisaini sehemu ya kuegesha magari, amelaza karatasi juu ya boneti, injini inaunguruma. Kwenye "mmekutana mara ngapi" aliandika 6. Walikuwa wamekutana mara 1, na mara hiyo ni pale pale kwenye boneti. Akamrudishia fomu: "Hongera, naona unakaribia." Dada akasema, "Asante, Profesa." Wote wawili wakaondoka wamepona kwa miezi 6 mingine.

Siyo huku tu

Alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu aliosoma nao shahada ya uzamili, sasa wametawanyika kwenye PhD zao dunia nzima. Humo ndimo unapoona kwamba kila nchi ina geti lake.

Wa Nairobi alikuwa analia na makala. Kenya, mwongozo wa mwaka 2014 wa tume inayosimamia vyuo vikuu ulitaka mwanafunzi wa PhD awe na angalau makala 2 kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Jarida makini linaweza kukaa na makala yako mwaka mzima. Majarida ya kitapeli yanakujibu ndani ya siku 3, yanataka dola tu. Mkutubi mmoja Mmarekani, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha maarufu ya majarida ya namna hiyo, akaiondoa mtandaoni Januari 2017, lakini matapeli hawakuondoka nayo.

Wa Uingereza alikuwa na geti lingine. Kule vyuo vingi vinakusajili kwanza kwa ngazi ya chini ya PhD, halafu baada ya mwaka wa kwanza au katikati ya wa pili unakaa mbele ya jopo lisilo la msimamizi wako. Wakiridhika ndipo unapandishwa rasmi kuwa mwanafunzi wa PhD. Wasiporidhika unaweza kuishia na shahada ya chini.

Wa Uholanzi ndiye aliyekuwa anaonewa wivu, kwa sababu kule mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa, ana mshahara. Lakini mwaka wa kwanza kuna tathmini ya "endelea au ishia hapa", na haina utani. Ukifika mwisho unatetea hadharani, ndugu na marafiki wamekaa, hadi afisa wa sherehe anaingia na fimbo yake na kutamka kwa Kilatini, "Hora est", yaani muda umefika, maswali yanakoma.

Na wa Marekani alishapita ule mtihani mkubwa wa kufuzu wanaoufanya kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu, halafu akakwama. Huko waliokwama hapo wana jina lao kabisa, ABD, wamemaliza kila kitu isipokuwa tasnifu. Wapo wanaobaki na jina hilo hadi uzeeni.

Kundi zima lilikuwa linalalamika, isipokuwa yeye. Wakimuuliza anaandika "nasogea polepole" na kaimoji ka mikono iliyokunjwa. Aliyekuwa amekwama kuliko wote ndiye aliyekuwa anawatia moyo wengine.

Na hayuko peke yake katika kuumia kimyakimya. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya wanafunzi 3,659 wa PhD katika eneo la Flanders, wakakuta karibu theluthi moja yao, asilimia 32, wako kwenye hatari ya kupata tatizo la afya ya akili. Hao ni watu wa nchi yenye umeme usiokatika na maktaba zenye kila kitu.

Kwake iliingia kwenye mwili. Usingizi ulikata. Simu ikiita namba ya chuo mikono inaloa jasho. Aliacha kwenda harusini kwa sababu MC lazima atasema "na Dokta wetu yupo". Mume akiuliza "kitabu kimefika wapi?" anajibu kwa ukali hadi mume akajifunza kutouliza.

Barua pepe ya Aprili

Aprili 2024 ikaja barua pepe kwa wanafunzi wote waliovuka mwaka wa tatu. Ofisi ya shahada za juu imeamua kwamba ripoti ya Mei haitakuwa karatasi tu. Kila mmoja ataitwa mbele ya jopo la maendeleo, aje na sura alizozitaja kwenye ripoti zake zilizopita. Sura zenyewe, zimechapwa.

Aliisoma akiwa kwenye daladala, Buguruni. Alishuka kituo kisicho chake.

Sura ya nne, asilimia 85. Wiki 5.

Siku ya tatu akampata kijana mmoja kwa njia ya rafiki wa rafiki. Hawa vijana wapo, kila chuo kinawajua: wana akili, hawana ajira, wanaandikia watu tasnifu. Bei ya sura ya nne, milioni 2 na nusu, wiki tatu, nusu mkononi. Kijana alikuwa na lugha ya kazi: "Dada, wewe nitumie sauti zako zote na pendekezo. Nitazipanga ziendane na pendekezo, jopo halitaona kitu."

Hela hakuwa nayo. Akaulizia mkopo. Dada mmoja wa saluni akampeleka kwa watu wanaotoa siku hiyo hiyo, rejesho kila Ijumaa, dhamana vitu vya ndani. Aliijaza fomu yao. Televisheni, friji, kochi. Alibakiza kusaini tu. Akawaambia atarudi kesho na kitambulisho.

Usiku ule akaitoa diski chini ya mitandio ili amtumie kijana sauti. Zilikuwa hazina majina, tarehe tu. Ikabidi afungue kila moja asikilize kidogo ajue ni nani.

Ya kumi na saba ilikuwa ya mama mmoja wa Temeke, miaka hamsini na kitu, mkaanga samaki. Anamkumbuka vizuri, alikuwa anacheka sana. Kwenye sauti kuna kelele za mnada, dalali anapandisha bei, na mama anasimulia alivyokopa mara ya pili kufunika ya kwanza, mara ya tatu kufunika ya pili, hadi wakaja kubeba kitanda. Kitanda cha mahari.

Halafu ikasikika sauti ya mhoji. Sauti yake mwenyewe, imetulia, ya mtu msomi: "Sasa mama, kwa nini hukuwaambia mapema kwamba umeshindwa?"

Mama akacheka. "Aibu, mwanangu. Pale kikobani mimi ndiye nilikuwa mwenye pesa. Kila mtu anajua mimi ndiye mwenye pesa. Utaanzaje kusema huna? Nilipokwenda kwa mwenyekiti mwishoni kabisa, unajua alisema nini? Alisema, mama fulani, si ungekuja mwanzo tukupangie upya. Kumbe kupangiwa upya kupo! Ningesema mapema, kitanda kingekuwepo."

Aliirudisha nyuma akaisikiliza tena. Halafu mara ya tatu. Saa nane usiku mume akatoka chumbani akamkuta sebuleni anasikiliza kelele za Feri huku analia. Akakaa chini. Safari hii hakuuliza kitabu kimefika wapi. Aliuliza, "Una nini, mama watoto?"

Akamwambia yote, kuanzia boneti hadi fomu ya televisheni.

Mume alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu kimoja tu: "Kochi hilo hata si zuri, lakini usilipeleke." Wakacheka, na wote wawili walikuwa wanaogopa.

Jopo

Kabla ya jopo alimpigia Profesa. Ilikuwa heshima, asikie kwake kwanza. Profesa alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Unajua na mimi nimesaini hizo ripoti?" Anajua. "Kwa hiyo unataka tuanguke wote?" Hakuwa na jibu. Alisema tu, "Samahani sana, Profesa, ila siwezi kwenda na sura ambayo sina." Simu ikakatwa.

Siku yenyewe walikuwa wanne mezani: mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mratibu wa shahada za juu, mwalimu wa idara nyingine, na Profesa wake aliyekuwa anaangalia dirisha. Mbele yake dada aliweka ripoti ya 7. Asilimia: 30. Changamoto: nusu ukurasa.

Mwenyekiti akasoma yote. Akachukua ripoti ya 6, akaziweka sambamba.

"Novemba ulikuwa 85. Leo 30. Ile 85 ilitoka wapi?"

"Niliitunga, Mwenyekiti."

Kimya. Mratibu akaacha kuandika.

"Data unazo?"

"Ninazo. Mahojiano 41."

"Umeyanakili mangapi?"

"Tisa."

"Kwa nini tisa?"

Hapo ndipo alipoeleza. Kwamba data zinasema kinyume cha pendekezo. Kwamba akina mama wanaficha deni kwa deni kwa sababu ya aibu, siyo kwa kutojua hesabu. Aliongea dakika kama kumi bila kuangalia karatasi. Yule mwalimu wa idara nyingine akainuka kwenye kiti: "Lakini hiki ndicho cha kuandika! Hiki ulichosema sasa hivi. Kimekaa droo mwaka na nusu?"

Mwenyekiti hakucheka. Akagonga rundo la fomu pembeni yake. "Nina fomu 28 hapa za watu waliochelewa. Kwenye changamoto wote wameandika hakuna. Wote! Mnasoma peponi? Hiyo sehemu haikuwekwa kupamba karatasi. Ukiandika kitu pale tunaweza kukuongezea msimamizi, kubadilisha mada, kusimamisha saa yako ya masomo ukiwa na matatizo. Ukiandika hakuna, tukusaidie nini?" Halafu akamgeukia Profesa. "Na sisi tunasaini."

Profesa akaitikia kwa kichwa, macho bado dirishani.

Msijenge picha kwamba alipigiwa makofi. Uamuzi ulikuwa mzito: maendeleo hayaridhishi. Onyo la maandishi. Kichwa cha utafiti kibadilishwe rasmi, aongezewe msimamizi wa pili, ripoti kila mwezi badala ya miezi 6. Akipata "hayaridhishi" nyingine, usajili unafutwa. Nakala kwa mwajiri.

Mwajiri hakuchelewa. Ada ikasimamishwa hadi taarifa nyingine, ruhusa ya masomo ikakatwa, akatakiwa kurudi kituoni muhula unaofuata na kufundisha kama kawaida. Mtoto akabaki Dar na baba yake. PhD ikawa ya usiku na ya wikiendi, na ada akaanza kuilipa mwenyewe kidogo kidogo. Ofisini mkoani habari zilishafika kabla yake. Mfanyakazi mwenzake mmoja akamsalimia, "Karibu tena, Dokta," akivuta hilo neno makusudi.

Kwa wiki mbili Profesa hakujibu ujumbe. Ya tatu akaandika mstari mmoja: "Nitumie ulichonacho, hata kama ni kurasa 3." Zilikuwa kurasa 4. Zilirudi zimejaa wino mwekundu kila mstari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alijua kuna mtu amezisoma.

Alipo sasa

Ripoti ya Novemba 2024 ilisema hivi: mahojiano 31 kati ya 41 yamenakiliwa. Sura ya nne, rasimu ya kwanza, kurasa 38. Asilimia: 50. Amekutana na wasimamizi mara 4, tarehe zimeandikwa. Changamoto: muda, ada, na mtoto kuwa mbali. Jopo likaandika "yanaridhisha" na kumuongezea mwaka 1. Mama wa Temeke, bila jina, ndiye anayefungua sura.

Kwenye Instagram alifuta "Dr. Mtarajiwa". Hakuposti maelezo, alifuta tu. Mtu mmoja akaingia DM: "Vipi, umeacha shule?" Akajibu: "Hapana. Nimeanza."

Mama mkwe bado anamuita Dokta wangu. Zamani alikuwa anaitikia harakaharaka ili mada ipite. Siku hizi anamjibu, "Bado mama, niko sura ya nne, niombee." Mama mkwe anauliza sura ziko ngapi, anaambiwa sita, anasema, "Eeh, basi umevuka nusu," na wanaendelea na habari za Tanga.

Kwa wewe ambaye una fomu ya namna hiyo mezani sasa hivi, ya chuo au hata ya kazini, machache ya kubeba kutoka kwake. Ukikutana na msimamizi, jioni ile ile mtumie barua pepe fupi ya mlichokubaliana, ili "mara 6" iwe mara 6 kweli. Soma kanuni za chuo chako ujue muda wa mwisho ni lini na kuahirisha masomo kunaombwaje, kwa sababu vyuo vingi vina huo mlango na wengi wanaujua wameshachelewa. Data zikikataa ulichotegemea, peleka habari hiyo kwa msimamizi wiki hiyo hiyo. Na kwenye changamoto usiandike "hakuna" kama zipo.

Kupangiwa upya kupo. Ila hawampangii upya mtu ambaye karatasi yake inasema asilimia 85.

Ungekuwa wewe mume wake, ungesamehe mwaka na nusu wa kufichwa? Na yule Profesa, naye alistahili onyo la maandishi au apumzishwe tu? Tiririka kwenye komenti.